Kiluwiluwi Anakula Nini? Maelezo kwa Waliosikia "Bakteria" Wakashtuka

Mvua za masika zikishakolea hapa Wete, maji hujikalia popote yanapopata nafasi: kwenye pipa chini ya mfereji wa bati, kwenye mpira wa gari uliotupwa nyuma ya banda, ndani ya vifuu, ndani ya karo lenye mfuniko uliopasuka. Jioni moja mjumbe wa sheha alipita barazani kwetu akatuambia kwamba makaro na madimbwi ya mtaa yatatiwa dawa ya kuulia viluwiluwi vya mbu, na kwamba dawa yenyewe ni bakteria. Akaaga, akenda zake. Sisi tulibaki na neno hilo mpaka adhana ya Isha.

"Bakteria si ndio hao wa kipindupindu?" aliuliza jirani yangu, mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. "Leo tutiliwe kwa makusudi?" Kijana mmoja akasema amesoma kwamba viluwiluwi hula hao hao bakteria, sasa kuwatilia bakteria ni kuwanenepesha. Wa tatu akachanganya na habari za mbu waliobadilishwa chembe za urithi. Mimi nimesomesha sayansi skuli kwa miaka mingi, nikajaribu kueleza pale pale, lakini baraza lina watu wengi na kila mmoja ana neno lake. Nimeona bora niandike kwa utulivu.

Nianze kwa kumpa haki yake yule kijana. Kweli, kiluwiluwi hula bakteria. Kweli, hunenepa kwa bakteria, akiwakosa hakui. Na ni kwa sababu ya ulaji wake huo kwamba bakteria wa aina fulani anaweza kumuua. Mambo haya matatu hayapingani, ila lazima yafunguliwe moja baada ya jengine.

Majina kwanza

Kiluwiluwi ninayemzungumzia hapa ni mtoto wa mbu. Wengine hulitumia neno hilo hilo kwa mtoto wa chura, lakini huyo ni kiumbe mwengine kabisa, ana mashavu ya kupumulia kama samaki. Mtoto wa mbu hupumua hewa, ndiyo maana kila mara utamwona anapanda juu ya maji. Hutoka kwenye yai, na katika joto letu hukaa kiluwiluwi kwa muda wa wiki moja hivi. Katika muda huo hujivua ngozi mara nne. Mara ya nne hatoki kiluwiluwi tena, anatoka pupa: kidubwana kilichojikunja kama alama ya mkato, kinachorukaruka majini ukigusa pipa. Pupa hukaa siku mbili hivi, ngozi yake ikapasuka mgongoni, mbu akatoka akasimama juu ya maji mpaka mbawa zikauke. Mkumbuke pupa huyu. Nitarudi kwake, maana ndiye anayesababisha watu waseme dawa ni feki.

Bakteria ni viumbe hai vidogo mno, kila kimoja ni chembe moja tu ya uhai. Aina zake ni nyingi kupita kiasi. Zipo zinazoleta kipindupindu, na zipo zinazogandisha maziwa tukapata mtindi. Zipo zilizojaa ndani ya matumbo yetu sasa hivi na tungeugua tusingekuwa nazo. Kusema "bakteria" bila ya kusema ni yupi ni sawa na kusema "samaki". Changu ni samaki na bunju ni samaki, lakini bunju ukimtia chunguni waweza kuimaliza nyumba nzima.

Bilauri na masizi

Siku ya pili yake nilifanya jambo ambalo zamani nilikuwa nikiwafanyia wanafunzi. Nilichota maji kwenye pipa langu mwenyewe, nikayatia kwenye bilauri safi, nikaiweka dirishani palipo na mwanga. Kulikuwa na viluwiluwi kama kumi. Mwili wa kiluwiluwi unapitisha mwanga, kwa hiyo utumbo wake unaonekana kwa macho: mstari wa kahawia unaoanzia kifuani mpaka mwisho wa mkia. Kisha nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikayasaga kwa vidole, nikayakorogea kwenye maji kidogo na kuyamimina humo.

Bi Mkubwa alikuja na kiti chake. Hatukungoja sana. Mstari wa kahawia ulianza kugeuka mweusi upande wa kichwani, weusi ukawa unashuka polepole, ukisukuma kile cha kahawia nyuma. Hata saa moja haikwisha, viluwiluwi kadhaa walikuwa weusi tii kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hawakufa, wala hawakuonesha kujali. Masizi hayana lishe yoyote, lakini waliyala kama walivyokula kila kitu kingine kilichowapitia.

Nilitaka aone hilo hasa. Kiluwiluwi hachagui kwa ladha. Mdomoni ana vishungi viwili vya nywele, mfano wa fagio ndogo, vinavyopiga maji mara kadhaa kwa kila sekunde. Maji huvutwa kuelekea kinywani, chembechembe zikanaswa, maji yakapita. Ni kama kifumbu cha kuchujia tui: kifumbu hakiulizi nazi ilitoka shamba gani, kinazuia kile kisichopita kwenye matundu yake. Chembe ikiwa ndogo kiasi cha kumezeka, itamezwa, iwe ni bakteria, vumbi, chavua ya mahindi, kuvu, mwani, au masizi ya sufuria ya ubwabwa.

Ila wapi anapoweka hicho kifumbu chake, hapo mbu hutofautiana, na tofauti hiyo ina maana kwetu. Yule wa malaria, Anofelesi, hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, mgongo juu. Kinywa chake kimeelekea chini na chakula kiko juu, basi huzungusha kichwa chake nusu duara nzima, mgongo ukabaki ulipo, akafagia utando wa juu wa maji. Kuleksi, yule mbu wa karo anayeimba sikioni usiku, huning'inia kichwa chini, mkia wake wenye bomba la kupumulia ukigusa juu. Yeye huchuja maji ya katikati. Edesi, mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kubeba homa ya dengi, hushuka chini akakwangua kuta na sakafu ya chombo. Ukiwatazama kwenye bilauri unaweza kumjua nani ni nani kwa jinsi alivyokaa tu.

Bakteria kama hamira

Sasa tuingie ndani ya huo mstari wa utumbo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba bakteria ni chakula tu kwa kiluwiluwi, kama wali ulivyo kwetu. Basi watafiti wa Marekani wakajaribu jambo rahisi: waliyaosha mayai ya mbu mpaka yakatakasika, hayana bakteria hata mmoja, wakayaangulia kwenye maji yaliyotakaswa na kuwapa viluwiluwi chakula kizuri kilichotakaswa pia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Viluwiluwi walikula, na utumbo ukajaa. Lakini hawakukua. Walibaki vilevile kama walivyotoka kwenye yai, hawajajivua ngozi hata mara moja, mpaka wakafa. Wengine walipotiliwa bakteria hai kidogo, hata wa aina ya kawaida kabisa, wakaendelea kukua wakawa mbu.

Mfano ulio karibu kwangu ni unga wa vitumbua. Tia mchele, tui, sukari na hiliki, koroga vizuri kadiri upendavyo. Kama hamira haimo, unga utakaa pale pale ulipo. Hakuna kilichoharibika, ila hauumuki.

Kwa nini? Watafiti hao walieleza kwanza kwamba bakteria wakiwa utumboni huvuta hewa ya oksijeni na kuipunguza, na upungufu huo ndio unaoupa mwili wa kiluwiluwi ishara kwamba wakati wa kukua umefika. Baadaye, mwaka 2021, ikaonekana sababu nyengine inayogusa lishe yenyewe: vitamini B2. Vitamini hiyo huharibika ikipigwa na mwanga, na kiluwiluwi hawezi kujitengenezea. Bakteria humtengenezea kila siku, mbichi, humo humo tumboni mwake. Viluwiluwi waliotakaswa walipolelewa gizani na kupewa vitamini hiyo, waliweza kukua bila ya bakteria. Lakini dimbwi la nje lina jua, na hakuna wa kumletea vitamini. Kwa hiyo katika dunia ya kweli, kiluwiluwi na bakteria wake hawaachani.

Mimi huona ajabu kubwa katika hilo. Yule mdudu anayetusumbua usiku kucha hakuwahi kuwa peke yake hata siku moja ya utoto wake.

Maji machafu, maji safi

Hapa ndipo yanapotoka makosa mengi ninayoyasikia. Kosa la kwanza ni kwamba maji yenyewe yakikaa huzaa viluwiluwi. Hayazai. Mbu jike alikuja akataga. La pili ni kwamba mbu hupenda uchafu, kwa hiyo mwenye nyumba safi hana wasiwasi. Swali la "safi au chafu" ni la macho yetu sisi. Mbu jike anapotafuta pa kutaga hufuata harufu, na harufu nyingi kati ya hizo hutengenezwa na bakteria wanaoozesha majani na takataka majini. Kwa namna yake anauliza: wanangu watapata chakula?

Karo lina chakula tele, basi Kuleksi hulijaza. Mtungi wa maji ya kunywa unaonekana mweupe kama lulu, lakini ukipitisha kidole kwenye ukuta wake wa ndani utahisi utelezi. Utelezi huo ni bakteria, na ndio meza ya Edesi. Mabonde ya mpunga, kama Cheju kule Unguja au haya yetu ya Pemba, huwa na maji ya wazi yenye jua pale miche inapokuwa midogo. Mwani na bakteria hustawi juu yake, na Anofelesi hufurahi. Mpunga ukishafunga na kutia kivuli, hupungua.

Hata maji yaliyochemshwa hayana kinga ya kudumu. Kuchemsha huua vilivyomo, lakini acha sufuria wazi siku kadhaa nje, vumbi liingie, jani la muembe lianguke, na meza imeshatandikwa upya.

Na wapo wanaosema ukikaa pwani karibu na maji ya chumvi huna la kuogopa. Kisiwa chetu chenyewe kinawasuta. Kuna mbu aliyepewa jina la Pemba na wanasayansi, Aedes pembaensis, aliyeandikwa vitabuni tangu mwaka 1901. Huyu huishi kwenye mikoko, na utoto wake hupita ndani ya mashimo ya kaa. Jike huenda akataga mayai yake juu ya miguu ya kaa! Kaa akiteremka shimoni mwake kwenye maji, huwa amemshushia mbu watoto wake. Mle ndani mna maji ya chumvichumvi na majani ya mikoko yaliyooza, yaani bakteria wa kutosha. Na katika jamaa za mbu wa malaria yumo pia mmoja anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani.

Kosa la tatu nilitaje kwa ufupi kwa sababu linarudi kila mwaka: mbu hapati malaria kutoka kwenye maji machafu. Huyapata kutoka kwa mtu, anapomnyonya damu mtu mwenye vimelea. Mbu aliyetoka kwenye dimbwi leo, hata liwe linanuka vipi, hana malaria.

Ingawa, kuna uzi mwembamba unaounganisha dimbwi na malaria. Pupa akigeuka mbu, utumbo wa zamani hutupwa pamoja na sehemu kubwa ya bakteria wake; ni kama mtu anayehama nyumba na kuacha vyombo. Baadhi hubakia, na mbu mpya hunywa maji ya pale pale alipozaliwa, akaingiza wengine. Hao ndio watakaokuwa tumboni mwake siku atakapomeza vimelea vya malaria pamoja na damu. Baadhi ya bakteria huwazuia vimelea hao wasiendelee. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba watafiti waliokuwa wakifuga mbu nchini Hispania waligundua mbu wao wameacha kushika vimelea; kumbe walikuwa na bakteria aitwaye Delftia tumboni, anayetoa kitu kinachowadhoofisha vimelea. Hilo bado ni jambo la utafiti. Halimo kwenye dumu la mjumbe wa sheha.

Kilichomo kwenye dumu

Dawa ya bakteria inayotumika kuulia viluwiluwi, katika sehemu nyingi duniani, ni ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis. Jina refu, tumwite Bti. Alipatikana mwaka 1976 katika jangwa la Negev, kwenye kidimbwi ambamo viluwiluwi walikuwa wamekufa wengi pasina mtu kuwatilia sumu. Tanzania ina kiwanda Kibaha, mkoani Pwani, kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano na Cuba, kinachotengeneza dawa za aina hii.

Bti akitaka kujihifadhi hutengeneza mbegu ngumu, na pembeni yake hutengeneza fuwele, kijiwe kidogo mno cha protini, mfano wa chengachenga ya sukari guru. Fuwele hiyo ndiyo dawa. Ikiwa nzima haina madhara. Ni kama panga lililomo alani. Swali ni nani anaweza kulichomoa.

Mwenye kutafuna tambuu anajua chokaa, na kila mpishi anajua ndimu. Tumbo la mwanadamu ni la upande wa ndimu: chachu kali, kipimo chake cha pH ni 2 hivi. Utumbo wa mbele wa kiluwiluwi ni wa upande wa chokaa, tena chokaa kali, kipimo kinapita 10. Ni katika wadudu wenye utumbo wa namna hiyo kwamba fuwele ya Bti huyeyuka vizuri. Ikishayeyuka, vimeng'enya vya tumbo la kiluwiluwi mwenyewe huikata ikawa sumu kamili. Halafu sumu hiyo lazima ikute kwenye ukuta wa utumbo mahali pa kushika, kama ufunguo na kitasa. Kiluwiluwi ana kitasa hicho. Sumu hushika, hutoboa matundu kwenye ukuta, na maji hufurika ndani ya chembe za utumbo mpaka zikapasuka. Baada ya muda mfupi huacha kula, na kwa kawaida siku haiishi hajafa.

Sisi hatuna hiyo chokaa tumboni, wala kitasa hicho hatuna. Wala kuku, mbuzi, samaki na chura. Shirika la Afya Duniani limeishaipima Bti na kukubali itumike hata kwenye vyombo vya maji ya kunywa, mradi iwe dawa iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo na kwa kipimo chake. Nasisitiza hilo la kipimo, maana nimewahi kusikia watu wanaulizana kama wanaweza kujitilia wenyewe kwa kukisia. Wasifanye hivyo, wamwachie aliyefundishwa.

Utumbo wa kiluwiluwi una ulinzi mmoja ambao wengi hawaujui. Chakula hakigusi ukuta wa utumbo moja kwa moja, hupita ndani ya utando mwembamba. Mfano wake ni bizari nzima unazozifunga kwenye kitambaa kabla ya kutia chunguni: ladha inatoka, vijiti vya mdalasini na karafuu zinabaki ndani. Utando huo huwazuia bakteria wa kawaida wasimdhuru. Lakini sumu ya Bti ikishayeyuka huwa ni kama ladha, inapenya.

Sasa turudi kwa pupa. Dawa imetiwa Jumatatu. Jumanne mtu anakwenda kutazama pipa, anaona viluwiluwi wamezama wamekufa, lakini vile vya alama ya mkato bado vinarukaruka. Jumatano anaumwa na mbu. "Dawa feki!" Si feki. Pupa hali kitu. Hana hata kinywa cha kulia. Fuwele humuua anayeimeza tu, na pupa hamezi. Hata kiluwiluwi aliyekaribia kuwa pupa hupunguza kula na anaweza kuponea. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya dawa, mbu wa mwisho wataendelea kutoka, na wale wakubwa walioko tayari hewani dawa haiwahusu kabisa.

Kuna mapungufu ya kweli, na sipendi yafichwe. Fuwele huharibiwa na jua na huzama chini, ambako Anofelesi, mlaji wa juu, haifikii. Ndani ya karo lenye tope zito huwa ni punje chache katikati ya chakula kingi. Kumbuka kifumbu hakichagui, kwa hiyo kiluwiluwi aliyeshiba matope humeza fuwele kidogo. Ndiyo maana dawa hurudiwa kila baada ya wiki moja au mbili, na ndiyo maana kwa makaro hupendelewa bakteria mwengine, Lysinibacillus sphaericus, anayestahimili maji machafu na huweza kuzaliana ndani ya viluwiluwi waliokufa. Huyo naye ana kasoro yake: Kuleksi wa nchi kadhaa wameshamzoea. Bti ana sumu za aina kadhaa kwa pamoja, na kuzizoea zote kwa mkupuo ni kazi ngumu kwa mdudu.

Na mimea na viumbe vya dimbwini? Kereng'ende anaishi majini utotoni, naye ni mwindaji, hana kifumbu. Ana taya analolirusha mbele kama mkono na kumnasa kiluwiluwi. Bti haimgusi. Wanaoweza kudhurika ni jamaa wa karibu wa mbu wanaochuja maji kama wao, hasa vile vijidudu vyekundu vya matopeni ambavyo wakubwa wao hufanana na mbu lakini hawaumi. Samaki na ndege huwala hao. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kutomwaga dawa ovyo kwenye kila ziwa na chemchemi, bali kuielekeza kwenye makaro, mapipa na madimbwi ya mitaani.

Zanzibar si mgeni wa kupambana na mbu akiwa bado majini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi, ambako matende na mabusha, maradhi ya vimelea vinavyoenezwa na Kuleksi, yalikuwa yamewaelemea watu, vyoo vya shimo vilitiwa punje nyeupe nyepesi za plastiki, zile zinazofanana na plastiki ya ndani ya boksi la televisheni. Zilielea zikafunika maji yote. Viluwiluwi vya Kuleksi vikakosa pa kutolea bomba la kupumulia, na mbu naye akakosa pa kutaga. Watu wakapewa dawa ya vimelea wakati huo huo. Vimelea vikashuka sana na havikurudi kwa haraka, tofauti na kijiji kilichopewa dawa ya kumeza peke yake. Pale walimnyima hewa. Kwa Bti unamfuata kupitia chakula. Vyandarua na kupuliza majumbani vimetufikisha pazuri katika malaria, lakini mbu anayeuma nje jioni, tukiwa bado barazani, hivyo havimfikii. Utotoni mwake anafikika, kwa sababu hana mbawa na hawezi kuacha kula.

Nilipomaliza kumweleza Bi Mkubwa yote haya, aliuliza swali moja: "Na pipa langu la kunywa, nifanyeje mpaka hao waje?" Tulikwenda kulitazama. Maji alikuwa ameyamwaga asubuhi ile, akidhani amemaliza. Nilimwonesha kwenye ukuta, pale maji yalipokuwa yamefikia, mstari wa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Ni mayai ya Edesi. Yakikauka hayafi, hungoja hata miezi, maji yakiyafikia tena yanaanguliwa. Alichukua kumbi la nazi na majivu, akalisugua pipa kwa nguvu kutoka juu mpaka chini, akalisuuza, akamwaga maji yale juu ya mchanga wenye jua. Kisha akakata kipande cha kanga kuukuu, akakifunga mdomoni mwa pipa kwa kamba ya usumba, akaniuliza mjumbe wa sheha atapita lini tena, maana karo la nyuma ya msikiti halijafunikwa.